Fungua Mdomo, Assani

Kama shavu la mtoto wako limevimba, na watu wa avenue nzima, mtaa wote, wameshalipatia jina kabla wewe mwenyewe hujaliangalia vizuri, nakuomba kitu kimoja: mwambie afungue mdomo. Usimfunge kitambaa, usimfungie chumbani, usitafute majivu ya moto. Mdomo kwanza. Ninaandika haya nikiwa barazani kwetu Kilibula, kando ya ziwa. Assani yuko masomoni, na leo hakuna mtu anayelia ndani ya nyumba hii, kwa hiyo naweza kusema.

Assani ni mtoto wangu wa tatu na mvulana wangu pekee. Wakati ule alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Shabani, anafanya kazi kwenye boti la mizigo linalokwenda bandari ya Kalemie. Anaondoka, na kurudi kwake kunategemea mizigo na ziwa. Ndiyo maana tunaishi katika kiwanja cha mama yake. Mama wa mume kwetu tunamwita mavyala, na huyu wangu, Bibi Mwamini, ni mavyala kweli kweli. Anachosema yeye ndicho kinachopikwa. Simsemi vibaya. Watoto wangu wote watatu amenishikia mimi nikiwa ufukoni kununua ndagala, yaani dagaa, za kuuza. Lakini ukaidi wake, wee! Na mimi wangu si mdogo, basi fikiria nyumba hiyo.

Assani alikuwa anakula kama watoto wote wa hapa. Asubuhi chai, na sukari anajitilia mwenyewe mpaka mtu ampokonye kijiko. Mikate ya mafuta miwili. Saa ya mapumziko, kule shuleni, jus ya mfuko wa plastiki, ile nyekundu inayopaka ulimi rangi. Njiani akikuta wanaouza miwa kutoka kule bondeni, anamenya kwa meno yake mwenyewe. Jioni anamsomea bibi yake aya alizojifunza kwa mwalimu, na bibi anamtilia bonbon, pipi moja, mkononi. Hiyo alilala nayo kila usiku. Ilianza mwaka ambao boti la baba yake lilichelewa na mtoto akawa halali kwa kulia. Bonbon ikamnyamazisha, baba akarudi, bonbon ikabaki. Aliiweka shavu la kulia, akageuka ukutani, ikayeyuka humo humo akiwa usingizini. Nyumba nzima tuliona ni jambo zuri, mapenzi ya bibi na mjukuu.

Meno alikuwa anapiga mswaki, sikatai. Asubuhi, kabla ya chai. Yaani unafagia nyumba kwanza, halafu ndipo unaleta takataka.

Nilianza kuona anatafuna upande mmoja. Maji ya baridi anayakwepa. Nyuma kabisa kulikuwa na jino lenye doa jeusi, mimi nililiona na mavyala aliliona, na sote tulisema neno moja: hilo ni jino la utoto, litaanguka. Kumbe halikuwa la utoto. Lile jino huota mtoto anapoanza masomo, nyuma ya mengine, wala hakuna jino linaloanguka kulipisha. Kwa hiyo hakuna anayelishangilia, na hakuna anayejua kwamba hilo ndilo la maisha.

Msimu ule wa mvua matumbwitumbwi yalikuwa yanatembea kwenye avenue yetu. Watoto wa jirani wawili walikuwa nayo, mashavu yote yamejaa. Basi Ijumaa moja Assani akaamka na shavu la kulia limevimba mpaka sikio limesukumwa nje. Mavyala alimtazama kutoka mlangoni, akaweka kikombe chake chini.

"Imefika kwetu," akasema.

Muuza dawa wa kona, nilipomweleza, alisema hivyo hivyo. Alinipa paracetamol. Nikampigia Shabani, kwa bahati nikampata akiwa Kalemie, na mtandao unakatikakatika. "Fanya vile Mama anasema," akasema, simu ikafa.

Sasa ili uelewe yaliyofuata, lazima ujue habari ya kaka yake mavyala. Kaka huyo alipata matumbwitumbwi akiwa kijana. Hakutulia, alienda kuogelea na kukimbia na wenzake, na ugonjwa ukashuka kutoka shavuni mpaka chini, kwenye uanaume wake. Alioa wanawake watatu. Hakuna aliyemzalia. Watu walimcheka mpaka siku anakufa. Mavyala alinisimulia hayo mara nyingi, kila mara akimalizia hivi: "Nilimuzika, na hapana hata mutoto moja wa kumumwangia udongo." Sasa shavu lililovimba ni la Assani, mvulana pekee wa mwanawe. Unafikiri angefanya nini?

Aliweka sheria. Assani alale chali, asitembee, asishuke kitandani, asipande pikipiki kwa sababu mashimo ya barabara yataushusha ugonjwa haraka. Kiunoni alimfunga kamba ya kitambaa cheusi, fundo limekazwa, ili ugonjwa ukishuka usipite. Shavuni, kitambaa chenye majivu ya moto. Chooni atabebwa. Na alale chumba cha nyuma, asiambukize wengine.

Chumba cha nyuma ndicho ninachohifadhia magunia ya ndagala. Dirisha moja, dogo, na hilo tukaliziba na kitenge kwa sababu upepo nao ulikatazwa. Mvua inapiga mabati, joto halitoki, harufu ya samaki inakaa kooni. Na mimi nikafungwa naye. Wauzaji wenzangu wenye wavulana walinitumia salamu kwa upole sana: Mama Assani, utusamehe, usije sokoni kwanza. Basi nikawa nakaa kwenye gunia, mtoto kitandani, tunasikilizana tukipumua. Nilikuwa natamani kuona barabara tu, watu wanaopita, hata wale nisiowapenda.

Kila siku mavyala alisema uvimbe utapungua kesho. Haukupungua. Wale watoto wa jirani walipona, nikawasikia nje wanacheza mpira, na Assani naye akawasikia. Shavu lake likawa gumu, ngozi inang'aa. Uvimbe ukaanza kuteremka chini ya taya, kuelekea shingoni. Homa haikumwacha. Na mdomo ukaanza kufunga. Mwanzoni kijiko kiliingia. Halafu ikawa ncha ya kijiko. Halafu nikatafuta mrija wa jus na kuuchomeka pale penye mwanya. Mate yakawa yanamtoka, hawezi kuyameza vizuri. Akaacha kusema. Akitaka maji anagonga kitanda, akitaka kugeuzwa anagonga mara nyingi nyingi kwa hasira, mtoto ana hasira za kwetu.

"Mutilie sukari ingine mu uji, apate nguvu," mavyala alikuwa anasema. Na mimi natia. Asubuhi uji wa sukari, mchana chai ya sukari, jioni uji wa sukari.

Mchana mmoja mavyala alikuwa chumbani kwake akiswali. Assani akanishika mkono. Akakivuta kidole changu, akakipeleka kwenye shavu lake kwa ndani, kati ya shavu na meno, akakisukuma mpaka nyuma. Nilifikiri anaweweseka. Kidole kikagusa kitu laini. Nikakivuta kwa ukucha, taratibu, yeye machozi yanamtiririka, kikatoka: bonge la chingamu, la kijivu. Na nyuma yake ikatoka harufu ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Usaha.

"Hii nini, Assani?"

Akasema kwa meno yaliyofungwa, neno moja moja. "Shimo. Naziba shimo."

Kumbe miezi yote ile jino lilikuwa limetoboka, upepo ukiingia linauma, na yeye akagundua dawa yake. Anatafuna chingamu, anaishindilia kwenye shimo, maumivu yanapungua, anaenda masomoni. Ikichakaa anabadilisha.

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Bibi angekataza bonbon."

Nilikasirika, sijui nimkasirikie nani. Nilimshika kichwa nikalia naye. Halafu nikatoka, kidole changu nimekinyoosha mbele, nikamngoja mavyala amalize swala.

"Mama, harufu hii."

Akanusa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Ni jino, Mama. Iko imeoza ndani. Haiko matumbwitumbwi. Naenda naye lopitali sasa hivi."

"Kwa pikipiki?"

"Kwa pikipiki."

"Apana."

"Mama, minye nakuambia ni jino!"

"Weye unaniambia ni jino," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na kama ni vyote mbili?"

Wallahi, ingewezekana. Ugonjwa ulikuwa kwenye avenue, sisi si waganga. Nikamwona vile alivyo, mwanamke mzee amesimama ukumbini na kaka yake aliyekufa amesimama naye, na nikajua hata nikipiga kelele mpaka jioni hatanisikia. Mlangoni ni yeye, na ndani ni mtoto wangu ambaye mdomo wake unafunga kila siku kidogo.

Nikasema, "Basi aende akiwa amelala. Tumubebe."

"Nani atamubeba? Vijana hawatamugusa."

"Sisi."

Mavyala akaenda uani, akarudi na ule mti mrefu wa mwanzi tunaoanikia nguo. "Leta vitenge vyenye nguvu," akasema. "Vile ya zamani, si hivi ya siku hizi vinapasuka."

Nilituma binti yangu awaite wauza ndagala wawili, wanawake wazima wenye mabinti tu, hawakuwa na cha kuogopa. Tukafunga vitenge kwenye mti, tukamlaza Assani ndani, tukamfunika uso jua lisimpige. Mavyala akachukua ncha ya mbele. Magoti yake ni mabovu, wote wanajua. Nikamwambia aache. "Weye utatikisa," akanijibu.

Sasa fikiria. Mvua imekatika, matope kila mahali, wanawake wanne wanatoka kwenye kiwanja na mti mabegani, mtoto amelazwa katikati amefunikwa kitenge. Kwetu jeneza hubebwa na wanaume. Wanawake wakibeba wenyewe, ni kwamba dunia imekwisha. Hatukufika hata kwenye kona, jirani wa kwanza akapiga yowe. "Yaa Allah! Assani!" Wa pili akaketi chini, kwenye matope, mikono kichwani. Vilio vikatutangulia njia nzima. Wenye pikipiki wakazima, wanaume wakavua kofia, na mzee mmoja akaanza kutufuata kwa heshima akisoma dua.

Mavyala alisimama. Jasho linamtoka, mti uko begani.

"Nani aliwaambia amekufa? Iko muzima! Iko anasikia ujinga yenu yote!" Kisha akamgeukia yule wa kwenye matope. "Na weye, simama! Ukitaka kulia, lilia ile bei ya hiyo kitenge unachafua!"

Na ndani ya kitenge ukatoka mkono mdogo, ukapunga. Watu walipiga kelele zaidi. Mimi nilicheka, nikacheka huku nalia, karibu niangushe mti.

Hospitali tulikaa kwenye benchi. Sitaki kusema mengi ya benchi lile. Watu wamejaa, kila mtu ameshika shavu au mtoto, unasogea makalio mahali pamoja halafu unangoja tena. Mwanamke mmoja alituachia nafasi yake ya mbele bila kuulizwa, wala sikupata kumjua jina. Dokta wa meno alipomwona Assani hakuangalia shavu. Aliweka vidole chini ya kidevu, akabonyeza shingo, akabadilika uso.

"Mungechelewa kidogo, hangepata pa kupitishia pumzi," akasema.

Mavyala aliketi sakafuni.

"Na haiko matumbwitumbwi?" akauliza kutoka kule chini.

"Hapana, Mama. Ni jino."

"Haiko hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Walimlaza. Serum ya mshipani, sindano asubuhi na jioni. Walimpasua kidogo chini ya taya na kumwekea kimpira cha kutolea usaha, na kovu liko mpaka leo, ametengeneza hadithi kwamba aling'atwa na mamba. Chumba cha wagonjwa nacho kilikuwa na dirisha lisilofunguka, nikajiona nimetoka gereza moja nimeingia lingine. Lakini wauza ndagala wenzangu, wale wale walionikataza sokoni, walileta mchuzi wa samaki wa mukeke kwenye termosi, wa chumvi tu, nikamnywesha kwa mrija. Mrija ule ule. Siku hiyo alimaliza.

Mdomo ulipofunguka kidogo waling'oa meno mawili. Moja lilikuwa la utoto kweli. Jingine, lile la nyuma, dokta alinionyesha kwenye kisahani na kusema halitaota tena. Nimelifikiria jino hilo kuliko vitu vingi vyenye thamani. Halafu likaja zoezi. Taya lilikuwa limezoea kufunga, lazima lifundishwe. Dokta alisema tupange vijiti bapa kati ya meno, kimoja juu ya kingine, kila siku kuongeza. Assani akataka vijiti vyake vya kuhesabia vya darasani, dada yake akavileta. Analia, anaweka. Anatukana kimoyomoyo, namwona machoni, anaweka. "Fungua mdomo, Assani," tunamwambia, mimi upande huu na bibi yake upande ule.

Dokta alitueleza mambo ya kula, mavyala akabishana naye kila neno. Utamu haukukatazwa. Uliwe pamoja na chakula, uishe, usikae mdomoni na usilale naye. Mswaki jioni, na baada ya mswaki ni maji tu. "Na akisoma aya vizuri minye nitamupa nini?" mavyala akauliza, amekunja mikono kama mtu aliyenyang'anywa kazi. Nikasema ampe karanga. Akanitazama vibaya. Lakini leo ukija kwetu jioni utamkuta anamtilia karanga mkononi, halafu anasimama nyuma yake kwenye ndoo mpaka apige mswaki, na anamwamuru afungue mdomo amulike kwa simu. Na mabinti zangu hali kadhalika. Na mimi.

Ila nisiseme kwamba mdomo ulipofunguka tulikuwa huru. Kule hospitali Assani alikataa kushuka kitandani.

Homa imeisha, uvimbe umeisha, vijiti vinaingia, anaongea, na bado hagusi sakafu. Chooni tumbebe. Muuguzi mmoja alitaka kuikata ile kamba nyeusi ya kiunoni, mtoto akapiga kelele chumba kizima kikaamka. "Itashuka! Bibi alisema itashuka!" Dokta alimweleza. Mimi nilimweleza mpaka nikachoka. Baba yake alipatikana kwenye simu, naye akamweleza. Anasikiliza, anaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, miguu inabaki juu. Nilianza kuogopa kwa namna nyingine. Nilijiuliza, huyu atakuwa mwanamume gani, anayeishi amelala?

Siku ya kuruhusiwa mavyala alikuja asubuhi na nguo zake safi, pamoja na ule mti wa mwanzi. Niliuona mlangoni nikajua tutambeba tena, na kesho tena, na nyumbani tena, kwenye magunia yangu.

Aliuegemeza mti ukutani. Akaketi kitandani, akamfunulia Assani shati. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho na majuma yale yote. Nikampa wembe, akausukuma mkono wangu. Akalifungua kwa kucha zake, polepole, akivuta uzi huu, akilegeza ule, midomo inamtetemeka kama anasoma kitu. Kamba ikatoka. Kiuno cha mtoto kilikuwa na alama kukizunguka.

"Bibi, haitashuka?"

"Haikuwa hapo," akasema. "Bibi alikosea. Ilikuwa jino tu, na jino wameitoa. Simama."

Assani akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akateremsha mguu mmoja, akaugusisha sakafuni, akaurudisha. Akangoja. Halafu akashuka na yote miwili, akaenda mpaka mlangoni akiwa ameshika ukuta, miguu myembamba kama ya ndege. Kwenye uwanja wa hospitali akauachia ukuta. Akatembea. Akakimbia.

"Polepole!" nikapiga kelele.

Mavyala akanishika mkono, kwa nguvu, kamba bado iko kiganjani mwake.

"Muache," akasema. "Muache akimbie."